Jina Nililoliomba kwa Mama Makala

Wiki iliyopita, baada ya mvua ya kwanza, nilipita sokoni nikamkuta mwanamke akinyunyizia maji lundo lake la makala, kama tunavyoyaita makaa kwetu, ili vumbi litulie. Harufu iliyopanda ilinisimamisha katikati ya njia: harufu ya moto uliozimwa kabla haujapika chochote. Mkobani nilikuwa na sura nane za riwaya ambayo mhusika wake mkuu bado hana jina. Miezi mitatu nimekuwa nikimwita "yeye" tu. Wenzangu tunaokutana kusomeana kazi zetu hunicheka. Mmoja wao hutafuta majina kwenye simu, pamoja na maana zake, na kuchagua kama mtu achaguaye nyanya. Mwingine hulitamka jina mara kumi mbele ya kioo, asikie kama linamkaa mtu wake. Wakiniuliza kwa nini mimi nachelewa, hujibu kwa mzaha. Sijawahi kuwaambia habari za Mama Makala.

Nyinyi mliokua wakati mmoja nami katika miji ya shaba mtakumbuka jinsi nyumba za Musonoi zilivyotikisika alasiri, mgodi ulipolipuliwa. Sahani ziligongana kabatini, kisha kimya kikarudi na vumbi jembamba likashuka kutoka dari. Baba alikuwa na penseli ya kuwekea alama mwisho wa kila ufa ukutani, ili ajue kama ufa unaendelea. Tulikuwa tumehamia pale kutoka kaskazini mwa Katanga, yeye, mama na mimi, nami sikuwa na ndugu wala rafiki. Baba alifanya kazi ya zamu mgodini na mara nyingi alilala mchana, kwa hiyo kunyamaza ndiyo ilikuwa kazi yangu nyumbani. Mama alikuwa Dilolo, mpakani na Angola, akifanya biashara ya samaki wakavu na vitambaa. Alirudi baada ya miezi, akakaa siku chache, akaenda tena. Kwa simu aliniuliza kila mara kama nimekula. Nilipokuwa bado natafuta jambo la kumwambia, salio lilikwisha.

Nilipewa jina la mama yake baba, aliyefariki kabla sijazaliwa. Kwetu, aliyepewa jina la mtu anachukuliwa kuwa ndiye mtu huyo. Baba aliniita "Mama". Shangazi zangu, watu wazima wenye wajukuu, walipokuja walipiga magoti kidogo na makofi ya heshima, wakaniuliza, "Mama, ulilala muzuri?" Watoto wa mtaa walisikia hayo mara moja tu, ikatosha. Kila nilipopita na ndoo walipiga kelele, "Nkambo anapita! Nkambo, meno iko wapi? Nkambo, tupatie baraka!" Nkambo ni bibi. Nilikuwa na miaka tisa, na hapakuwa na mtu Musonoi aliyeniita kwa jina langu.

Niliwahi kushikwa na homa kali. Baba alimwita dada yake mkubwa, naye alisafiri siku tatu juu ya lori mpaka kwetu. Alikaa kando ya kitanda changu na hakusema nami. Alisema na bibi yangu. "Mama, huyu mutoto ni wako. Umuachilie." Akaninyunyizia maji kifuani, nikapona. Mimi, kwa akili ya mtoto, nikajifunza kitu kimoja: mwenye jina akiumwa, watu wa jina lile lazima waje, hata kama wako mbali, hata kama wana kazi. Mama yangu hakuja wakati wa homa ile. Nilijiambia kwamba ni kwa sababu jina langu halikuwa la upande wake.

Katika kimya cha mchana nilianza kuwaandika watu katika daftari la shule, kalamu ikiwa ya wino na mwandiko ukipanda mlima. Wa kwanza alikuwa mvulana wa miaka kumi, mwenye mbio nyingi, asiyependa sombe, mboga ya majani ya muhogo. Nilimpa nyumba, mbwa na dirisha. Lakini hakusogea. Kila nilipotaka aende mahali alisimama pale pale kwenye mstari, na nikajua sababu: hakuwa na jina. Nilijaribu kumpa jina lililoandikwa kwenye kopo la nyanya, kisha la mche wa sabuni. Akabaki vile vile. Nilikuwa na hakika kwamba jina ambalo halikutoka kwa mtu halina mtu ndani. Na jina halichukuliwi hivi hivi. Baba alikuwa amenieleza kwamba kabla ya kunipa la bibi, aliwaomba ndugu zake wote ruhusa. Basi nikatoka kwenda kuomba.

Nilianza kwa kinyozi wa pembeni ya barabara.

"Eh, Nkambo! Unatafuta nini?"

"Naomba majina yako, tata," nilimwambia, maana kwetu jina moja pia ni majina, na mwanamume mzima ni tata.

"Majina yangu? Unaipeleka wapi?"

"Kuna mutoto mu kaye yangu. Hana majina," nilijibu, nikimwonyesha daftari.

Akamgeukia mteja wake aliyekuwa na nusu ya nywele. "Sikia ule! Batu banakuyaka kuomba maji, yeye anaomba majina. Na mi nitabakia na nini? Muke wangu ataniita namna gani, 'pst'?"

Yule mwenye nusu ya nywele alicheka mpaka kinyozi akamshika kichwa asije akakatwa. Nilishika njia ya nyumbani na daftari langu, uso ukiwaka, na ningefika kama mwanamke wa makala asingenikoholea.

Aliuza hatua chache kutoka kwa kinyozi, chini ya mwavuli uliopasuka, makala yakiwa yamepangwa kwa mafungu madogo juu ya gunia. Alikuwa amesikia yote.

"Ule mutoto wa mu kaye, ni wa namna gani?"

"Iko na miaka kumi. Anajua kukimbia sana. Hapendi sombe."

"Hapendi sombe?" Alicheka kwa pumzi tu, bila sauti. Kisha akachukua kopo la maji, akayanyunyizia makala yake ambayo tayari yalikuwa yamelowa. "Andika Kalenga."

"Ni majina ya nani, mama?"

"Ya mutoto wangu."

Habari za mwanawe nilizijua, kama kila mtu mtaani. Alikuwa mchimbaji, mmoja wa vijana wanaoshuka kwa kamba kutafuta madini kwa mikono, na shimo lilimwangukia. Ambacho sikukijua ndicho alichoniambia siku ile, akiyapanga upya mafungu ambayo yalikuwa yamepangika.

"Zamani batu ya hapa yote balikuwa bananiita Mama Kalenga. Kisha ile mambo, baliacha. Banaogopa kuniumiza. Sasa ni Mama Makala, Mama Makala. Haina mutu anasema majina yake tena, hata mara moja. Weye andika."

Niliandika pale pale, daftari likiwa juu ya goti. Na nawaapia, mvulana alitoka dirishani.

Kesho yake alasiri, biashara ilipopoa, Mama Makala alikuja kwetu na karanga zilizofungwa kwenye karatasi. Alikaa kizingitini ili asimwamshe baba. "Hizi si zako," alininong'oneza. "Ni za Kalenga. Lakini kama meno yake haitoshi, umusaidie." Ndivyo inavyofanyika kwetu: anayechukua jina la mtu wako unamletea zawadi. Alinitazama nikila, akasema, "Bon. Sasa tuko bamama Kalenga babili."

Hakujua kusoma. Kwa hiyo nilimsomea kwa sauti ya chini, siku ile, na siku iliyofuata, na karibu kila alasiri ya msimu ule wa mvua. "Leo alifanya nini?" aliuliza kabla hata ya kukaa. Kalenga alikwenda shule. Kalenga aliteka maji. Kalenga alifunzwa kuendesha baiskeli na fundi mmoja mkali, akaanguka, akacheka. Alinisahihisha bila huruma. "Hapana, haiko ile shati. Ile ya bluu, yenye kifungo moja nyeusi." Au, "Anaamka mapema vile? Kalenga? Ongeza saa mbili." Na kila mara, akiinuka na kukung'uta kitenge chake, aliniwekea sharti lile lile.

"Usimupeleke ku mashimo. Unasikia?"

"Nasikia, mama."

Mlipuko wa alasiri ulitukuta tukiwa pamoja, mabega yakigusana, naye aliweka kiganja chake cheusi juu ya ukurasa mpaka vumbi lilipotulia. Mpaka leo sijapata tena msomaji wa namna ile. Nilikuwa na furaha iliyonitia hofu, kwa sababu nilijua inatokana na nini. Hakuja kwa ajili yangu. Siku Kalenga akikosa la kufanya, ningebaki peke yangu na nyufa za ukuta. Kwa hiyo niliandika asubuhi, niliandika darasani, nilimtafutia Kalenga shughuli kama mzazi anayemtafutia mtoto shule.

Kisha siku moja aliniaga. Makala yalikuwa yamekwisha, akabidi aende kuyafuata porini, kwenye njia ya Dilolo, mahali wanapoyachoma. "Siku tatu," alisema. Siku tatu zikapita, ikaja ya nne, ya tano. Mwavuli wake ulikuwa umefungwa na kuegeshwa kwa kinyozi. Siku ya sita mama yangu alipiga simu kutoka Dilolo. Baba aliongea naye uani kwa muda mrefu, na aliponipa simu ilikuwa imekwisha kukatika. "Hatakuya kwanza, Mama," aliniambia. "Biashara inamushika." Akaingia kulala kabla ya zamu.

Nilikaa kizingitini. Niliwaza juu ya homa yangu na lori la siku tatu. Niliwaza kwamba mwenye jina akiwa hatarini, watu wake lazima waje. Nikafungua daftari, nikampeleka Kalenga kwenye mashimo.

Niliandika vizuri kuliko nilivyowahi kuandika. Alivaa shati la bluu. Alichukua tochi. Mdomo wa shimo haukuzidi mfuniko wa sufuria kubwa, na kamba ilikuwa imelowa kwa mikono ya wengine. Chini palikuwa na joto. Aliwasikia wenzake juu wakibishana nani atasonga bukari, ugali wetu, siku hiyo, na sauti zao zilimfikia ndogo, kama za redio ya jirani. Kisha udongo ukashuka. Sikumwua, na hilo nataka mlijue. Nilimwacha chini akiwa mzima, amekaa gizani, akingoja mtu. Ilitakiwa angoje, ndipo mtu aje.

Nilimsimamisha dereva wa moto, ile pikipiki ya kukodi, kijana mgeni pale mtaani, nikamwita yaya kama kaka mkubwa.

"Yaya, unaenda ku njia ya Dilolo? Pale banachoma makala?"

"Naenda. Kuna nini?"

"Umutafute Mama Makala. Umuambie Kalenga iko mu shimo. Akuye mbio."

"Kalenga ni nani?"

"Mutoto wake."

Uso wake ulibadilika. Hakuuliza zaidi, hakutaka hata nauli. Alikanyaga moto, akaondoka kwa kasi ambayo watu waligeuka kuitazama.

Walirudi siku ile ile, jua likiwa bado juu. Mama Makala alishuka kabla moto haijasimama. Mguu mmoja haukuwa na ndala. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka viwiko, kitenge kilikuwa kinaburutika nyuma yake, na macho yake yalinipita yakitafuta kitu mgongoni pangu.

"Iko wapi? Shimo gani? Mi nauliza, shimo gani?"

Nilicheka kwa furaha. Alikuwa amekuja. Nilimfungulia daftari. "Iko hapa, mama. Mu ukurasa hii. Hajakufa, niko namuchunga."

Alilitazama daftari muda mrefu. Majirani walikuwa wamekwisha kutoka, na kinyozi alisimama na mashine yake mkononi, bila mzaha mdomoni. Dereva alivua kofia. Mama Makala alikaa chini, si kizingitini, bali mavumbini.

"Nilimuzika mi mwenyewe," alisema, akimwambia nani sijui. "Nilijua. Nilijua, na miguu ilikimbia."

Nilitaka kumshika mkono. Akautoa.

"Nirudishie majina ya mutoto wangu."

Baba alitoka na singleti, usingizi usoni. Walipomweleza, alichuchumaa mbele ya yule mwanamke, akapiga makofi ya kuomba radhi, akasema maneno ambayo wakubwa husema. Yeye aliitikia kwa kichwa, akainuka, akaenda zake akichechemea kwa ule mguu mtupu. Baba hakunipiga. Aliniangalia tu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hakuniita Mama.

"Mutoto," alisema. "Leta wembe."

Alinionyesha namna ya kukwangua wino bila kupasua karatasi, kisha akaniacha niendelee. Lakini karatasi ya madaftari yale ni nyepesi. Kila palipokuwa na Kalenga pakawa na tundu, na katika kila tundu likachungulia neno la ukurasa wa chini. Niliyakwangua yote, kuanzia siku ya dirisha mpaka siku ya shimo. Nilipomaliza, mvulana alirudi kuwa kama mwanzo, asiye na mtu ndani. Nililia, na niwe mkweli, sikulia kwa ajili ya Mama Makala. Nilijililia mimi na alasiri zangu.

Kesho yake baba alinijazia sahani ya unga, akaifunika kwa kitambaa. "Nenda nayo kwake. Mi naenda ku kazi. Usiseme kitu kabla ya kupiga makofi." Nilikwenda peke yangu, sahani mbele, daftari kwapani, ili aone mwenyewe kwamba nimerudisha. "Nkambo, unapeleka wapi unga?" mmoja wa watoto alianza, na mwenzake akampiga kiwiko anyamaze.

Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja, dirisha limezibwa kwa gunia. Alikuwa amekaa juu ya bidoni, dumu la maji, mgongo ukiwa ukutani. Niliweka sahani chini, nikapiga magoti, nikapiga makofi. Aliniacha nipige mpaka viganja vikaniwasha.

"Ulikula?" aliuliza hatimaye.

"Nilikula, mama."

"Na ile kaye?"

Nilimpa. Hakuweza kusoma, na hata mwanga haukutosha, lakini alipitisha kidole juu ya ukurasa polepole, na kidole kikaingia tunduni.

"Ni hapa majina ilikuwa?"

"Ni hapo, mama. Nilikwangua yote. Sitaisema tena."

Kidole kilitafuta tundu lingine, na lingine. Aliongea akiwa bado anatafuta.

"Kulikuwa bengine babili mu ile shimo. Bale balitoka. Kila siku banapita pale nauzia, banasema 'jambo, mama', banaangalia chini. Haina mutu aliniambia alikuwa namna gani kule. Nani aliongea naye. Kama alilia." Aliinua uso. "Weye uliandika. Alikuwa na woga?"

Sasa najua kwamba nilichoandika hakikuwa ushahidi wa chochote, na kwamba mtu mzima mwenye busara angemwambia hivyo. Nilikuwa na miaka tisa. Nilimwambia nilichokijua.

"Kidogo tu. Alikuwa anasikia benzake kule juu. Balikuwa banabishana juu ya bukari."

Alifunga macho.

"Soma."

Nilisogea mlangoni palipokuwa na mwanga. Nikatafuta ukurasa wa shimo, nikaanza, na kwenye neno la kwanza kabisa la mstari nikakuta tundu. Nilinyamaza. Nilikuwa nimeahidi. Nje mtu alipita akiburuta ndoo, na sauti ya ndoo ilikwenda ikapotea.

"Kalenga," alisema Mama Makala kutoka gizani.

"...alivaa shati ya bluu," nikasoma, "akachukua tochi. Benzake balikuwa bamebakia kule juu. Kamba ilikuwa imelowa, na..."

"Kalenga."

"...akaifuta mikono, akashuka."

Tulikwenda hivyo mpaka chini. Kila nilipofika kwenye tundu nilisimama, naye akaliita jina, mara ya kwanza kwa shida kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika, kisha kwa sauti ya kawaida, kisha kwa ukali kidogo, jinsi mama anavyomwita mtoto anayechelewa kuja kula. Hakuniangalia. Alikuwa ameegemea mbele, viganja juu ya magoti, akiwa na mwanawe, na chumba kilikuwa cha watu wawili. Mimi nilishika daftari karibu na mlango, mgongo wangu ukiwa nje, nikageuza ukurasa kwa uangalifu ili nisiwasumbue.